Wameingia Kumi na Wanane, Wametoka Kumi na Wanane

"Tope zaidi," Msimamizi alisema. "Mtu umetembea siku saba mlimani, viatu vinang'aa kama unakwenda harusini?"

Fundi alichutama kando ya mfereji, akachota tope kwa kiganja na kulipaka kwenye soli, kisha kwenye kamba za viatu, kisha kwenye pindo la suruali. Nyuma ya lori wenzake wanne walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Mmoja alijimwagia maji ya chupa kifuani yafanane na jasho. Mzee mwenye goti bovu alijipaka mpaka mashavuni, Msimamizi akamwambia afute, kwani alikuwa anatoka safari au anatoka kaburini.

Wakacheka. Mwenye lori akitania, aliyepandishwa bure hucheka.

Kazi yao iliitwa mizani. Sheria ya hifadhi ilisema mpagazi asibebe zaidi ya kilo ishirini. Wageni sita wa siku saba, pamoja na mahema yao, meza yao, viti vyao, mitungi yao ya gesi na choo chao cha kukunja, walihitaji wapagazi kumi na wanane. Kampuni ilichukua kumi na wawili. Sita waliobaki waliajiriwa ili wapimwe tu. Walisimama kwenye mizani pale Lango la Kuingilia, kila mmoja na kilo zake ishirini, wakaandikwa kwenye daftari, wakatembea mpaka kona ya kwanza ambako lango halionekani, wakatua mizigo, wakarudi kijijini kwa njia ya mtoni. Vilivyotuliwa viligawanywa juu ya migongo ya wale kumi na wawili. Siku ya saba watu wa mizani walipakiwa kwenye lori na kuzungushwa upande wa pili wa mlima, mpaka Lango la Kutokea, waweke sahihi za kutoka. Wameingia kumi na wanane, wametoka kumi na wanane. Hesabu safi, ya kutundikwa ukutani.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, na kwa kawaida kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa na kibanda karibu na Lango la Kuingilia, akishona mikanda ya mizigo na kuziba mabegi yaliyotoboka. Mizani aliifanya siku ambazo hakuna mkanda uliokatika.

Waliingia ofisini mmoja mmoja. Juu ya dirisha la karani palikuwa na ubao mkubwa uliopakwa rangi mpya: MOJA YA NJIA KUMI KUU ZA MIGUU DUNIANI. Chini yake ziliorodheshwa zile tisa nyingine, za jangwani, za barafu, za mahujaji, za pwani zenye upepo, kila moja na kilomita zake. Mtu aliyechorwa pembeni alikuwa na fimbo mbili na meno mengi. Mgongoni hakuwa na kitu.

Daftari lilifunikwa kwa kipande cha boksi kilichokatwa tundu jembamba, ili anayeweka sahihi aone mstari mmoja tu. Siri za watu, Msimamizi alieleza mwaka ule wa kwanza, na hakuna aliyeuliza tena. Fundi aliweka sahihi yake. Msimamizi akalisogeza boksi kidogo kuelekea juu.

"Mama Pacha ana homa, hakuja. Mwekee na yeye."

"Sahihi yake siijui."

"Kwani ana sahihi? Anachora kama kuku anayepekua. Chora twende."

Fundi akachora kama kuku anayepekua. Karani akagonga muhuri bila kutazama, kama mtu anayeua mbu.

Saa saba mchana msafara ulishuka. Wageni walitangulia, nyuso zimeungua, wanakumbatiana na kupiga picha chini ya ubao. Kisha wakaja wapagazi, wameinama, wanatazama visigino vya aliye mbele. Fundi alisimama kando ya njia kumsubiri mdogo wake. Watu walimwita Ngamia, kwa sababu angeweza kupanda tangu alfajiri mpaka kambini bila kuonja maji, na kwa sababu hakuwa na maneno. Alikuwa na miaka thelathini na minne na njia hii alikuwa ameivuka mara hamsini na kitu. Hakuna aliyemchora kwenye ubao.

Alihesabu kumi na mmoja. Wakamaliza kupita, na katika wote hao hakuna aliyemtazama usoni. Hapo ndipo alipojua.

Kiongozi wa msafara aliitwa Lugha Saba, kwa kuwa alidai anazijua saba. Alikuwa anawapanga wageni kwa urefu. Fundi alimfuata, akamshika mkanda wa begi.

"Ngamia yuko wapi?"

"Dada, subiri kwanza niwamalizie watu picha."

"Mkanda huu nimeushona mimi. Nikiukata utaokota vitu vyako mpaka jioni. Yuko wapi?"

Lugha Saba alitabasamu kwa ajili ya wageni, akamvuta kando.

"Aliumwa kidogo. Kichwa. Nikamwambia ashuke arudi alikotoka."

"Lini?"

"Juzi asubuhi. Kambi ya Shingoni."

"Na nani?"

"Mtu mzima yule, dada."

"Nimekuuliza na nani."

"Peke yake." Akashusha sauti. "Ulitaka nimpe nani? Mzigo wake wa kilo thelathini tumeugawana, kila mtu kaongezewa. Tungekuwa kumi na wanane kweli, ningetoa wawili wamshike mkono wamshushe. Tulikuwa kumi na wawili. Unalijua hilo, Fundi. Wewe si wa mizani?"

Fundi akahesabu mwendo. Kutoka Kambi ya Shingoni kurudi Lango la Kuingilia, mpagazi asiye na mzigo hutumia siku moja na nusu. Angefika jana jioni. Leo asubuhi, Fundi alipotoka nyumbani kupanda lori, blanketi la mdogo wake lilikuwa bado limekunjwa juu ya kitanda, kama alivyoliacha.

Mpagazi mmoja alipita karibu naye akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Alikuwa anatapika," alisema akiwa ameinama. "Anayumba kama mlevi. Alinishika shati akaniita mama." Akasimama, akaondoka.

Karani alikuwa ananawa mikono tayari kwa chakula.

"Mtu amepotea," Fundi alisema.

"Wa kundi gani?"

"La leo."

Karani alifuta mikono kwenye suruali, akafungua daftari. Boksi halikuwepo tena. Akapitisha kidole juu mpaka chini, polepole, kwa heshima zote.

"La leo. Wameingia kumi na wanane, wametoka kumi na wanane. Hakuna aliyepotea hapa, mama. Labda kama mlikuwa na wa kumi na tisa mkamficha."

"Niliangalie."

Aliligeuza. Mstari wa kumi na nne, wa Mama Pacha, ulikuwa na sahihi nadhifu ya wino mwingine, iliyokauka zamani. Mstari wa kumi na moja ulikuwa na jina la mdogo wake, majina yote matatu, namba ya kitambulisho, uzito wa mzigo kilo kumi na tisa na nusu. Kwenye safu ya kutoka kulikuwa na kuku anayepekua.

Fundi aliutazama mchoro wake kwa muda. Ulikuwa mzuri, wa haraka, wa mtu ambaye mkono wake umezoea kazi.

"Hii nimeiweka mimi," alisema.

"Unasema?"

"Si sahihi yake. Nimeghushi. Mimi, mkono huu. Niandike. Mwite askari anifunge, halafu waite waokoaji."

Waokoaji walikuwa chumba cha pili. Walikuwa sita, wana machela na redio za kupigiana, na kelele za kete zao za drafti zilipenya ukutani.

Karani aliweka kalamu mezani. "Waokoaji wanatoka kwa mstari ulio wazi. Mtu ameingia, hajatoka, mstari uko wazi, wanakwenda. Huu umefungwa na una muhuri."

"Ufungue."

"Unafunguliwa kwa barua ya kampuni."

Kampuni ilikuwa imesimama mlangoni, inachokonoa meno.

"Fundi, dada yangu," Msimamizi alisema. "Nimesikia. Pole. Lakini tuseme ukweli, Ngamia si mtoto. Amepumzika mahali, atafika. Sasa wewe unataka kujiandika. Jiandike. Ukijiandika wewe umewaandika watano wenzako, yule mzee mwenye goti akalale rumande. Umewaandika wale kumi na mmoja waliobeba kilo thelathini wakanyamaza. Leseni inafutwa. Kijiji kizima kinakula njia hii. Kesho mikanda utamshonea nani, tumbili?"

"Mchuma janga hula na wa kwao," karani akaongeza, akivuta sahani yake karibu.

"Ulijua," Fundi alimwambia Msimamizi. "Lazima Lugha Saba alikupigia simu kutoka kambi ya mwisho. Ulijua amepungua mtu, ukanishika mkono wangu ukanifungisha mlango."

"Sikukushika mkono."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi alimgeukia karani.

"Niandike."

"Kalamu imeisha wino."

Alichomoa penseli aliyoichomeka kwenye nywele, ile ya kuchorea alama kwenye turubai, akaiweka juu ya daftari.

"Daftari la serikali," karani alisema kwa upole, "haliandikwi kwa penseli."

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa saa moja. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akimwachia kiti, akitikisa kichwa penye huzuni. Kisha akamwambia kwamba kwa mtu aliyepotea ndani ya hifadhi kinachohitajika ni barua kutoka langoni. Na kwa kosa la kughushi je? Kwa hilo kinachohitajika ni mlalamikaji. Je, kuna mtu anamlalamikia? Hakuna. Basi aende nyumbani akapumzike. Maisha yake yote Fundi alikuwa ameogopa kukamatwa. Haikuwahi kumpitikia kwamba siku moja angeomba akamatwe, na asipate.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika nyumbani. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini na ungo mapajani, anachambua maharage. Mama Pacha alikuwa pembeni yake. Hakuonekana kuwa na homa.

"Msimamizi alinipigia asubuhi," Mama Pacha alisema kabla hajaulizwa. "Akasema lori limejaa, nipumzike, malipo ya siku yangu yako palepale. Nikashukuru. Mjinga mimi, nikamwombea na dua."

"Mngesema nyote kesho," Fundi alisema. "Tukaenda langoni sote sita. Kwa watu sita, kalamu ya karani haiwezi kuisha wino."

Mama Pacha aliangalia miguu yake. "Nina watoto wawili wa umri mmoja, Fundi. Viatu nanunua jozi mbili, kila kitu mara mbili. Niseme halafu iweje?"

"Halafu Ngamia apatikane."

"Na asipopatikana?"

Mama alikuwa hajainua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutenga mawe na maharage.

"Kwa hiyo uliandika kwa mkono wako kwamba mwanangu ameshuka," alisema.

"Ndiyo, mama. Sikujua kama ni mstari wake."

"Ulijua ni mstari wa mtu."

Mama Pacha alijikohoza, akaaga. Mama akapepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka.

"Basi mkono huohuo," alisema, "ukamtoe."

Alfajiri Fundi alikwenda na wanaume watatu wa jirani, na kamba, blanketi na chupa ya chai. Walipita njia ya mtoni, ile ya kurudia watu wa mizani. Kwenye daraja la magogo, askari wa hifadhi alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani, anakula karanga.

"Vibali?"

"Tunamfuata mgonjwa wetu."

"Vibali?"

"Bibi yangu alipita hapa na mbuzi wake akienda sokoni ng'ambo," Fundi alisema. "Mama yangu alipita hapa na mimi mgongoni. Nani aliwaomba kibali?"

"Wakati huo ilikuwa njia ya mbuzi." Askari alitema ganda. "Sasa ni ya dunia. Mimi sina ubaya na nyie. Nikiwaruhusu, kesho niko na nyie huko upande wenu."

Mmoja wa wanaume alimsogelea. Askari hakuinuka. Aliigeuza tu bunduki kidogo pale mapajani, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, na ikatosha. Walirudi. Chai ilikuwa bado ya moto.

Mchana Msimamizi alikuja kibandani. Fundi alikuwa na shazia mkononi, ile sindano nene ya turubai, anashindilia uzi kwenye mkanda mnene, na hakumkaribisha. Msimamizi alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Hajafika bado?"

Fundi alivuta uzi.

"Nimelifikiria jambo lako. Mimi si mnyama, hata kama unaniona hivyo." Alishusha pumzi. "Kuna kundi linaondoka kesho, wageni wanane. Nimepungukiwa mtu mmoja. Nafasi ya Ngamia iko wazi."

Shazia ilisimama.

"Kibali unapata, kwa sababu mpagazi hahitaji kibali. Utapita njia ileile. Macho ni yako, tazama unavyotaka, mimi sitamwambia mtu kitu. Ila mzigo ufike kambini kabla ya wageni, hilo sina uwezo nalo. Na mambo ya daftari yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite."

Aliongea kama mtu anayegawa sadaka, na Fundi aliona kwamba aliamini kweli anagawa sadaka. Kiganja chake kilikuwa juu ya goti, kinono, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ncha ya sindano. Fundi alikiangalia kwa makini, akaona mahali pa kupenya bila kugonga mfupa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Kwenye Lango la Kuingilia mizani ilisema kilo kumi na tisa. Karani wa huko akaandika. Fundi alitembea na kundi mpaka kona ya kwanza, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ametua mizigo kwa miaka mitatu, kila mara akirudi nyumbani mwepesi, anapiga mluzi. Hakuwahi kukaa akaona kinachofuata. Watu wa mizani walitua, na wapagazi wakasimama foleni wakiwa wamempa kila aliyetua mgongo, kama punda wanaojua kazi. Mama Pacha alikuwa amebeba choo cha kukunja na sanduku la vyombo.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema akivifungia juu ya mzigo wa Fundi.

"Kaza. Visicheze."

"Nimekaza."

"Kaza tena."

Zilikuwa kilo thelathini na tano, labda zaidi. Uzito wa namna ile hauumi mwanzoni. Unakusukuma shingo chini na kukuchagulia pa kutazama, na hapo pa kutazama ni hatua mbili za njia na visigino vya mwenzako. Korongo likiwa kushoto, hulioni. Msitu ukiwa kulia, unausikia tu. Msimamizi alikuwa amempa ruhusa ya kutumia macho yake, na mzigo ukayachukua.

Aliutafuta uso wa mdogo wake jioni, akishatua. Katika kila kambi alimuuliza mlinzi: juzi ile, mpagazi mmoja, mrefu, anashuka peke yake, hana mzigo, anayumba? Mlinzi wa kambi ya kwanza hakumwona. Wa pili hakumwona. Siku ya tatu hawakutembea kabisa. Ilikuwa siku ya mapumziko, ili damu ya wageni izoee hewa nyembamba. Wageni walikaa kwenye viti vyao, wakinyoosha miguu, wakinywa supu. Fundi alikwenda na kurudi kando ya mahema mpaka Lugha Saba akamwambia aketi, anawatia watu wasiwasi.

Mgeni mmoja mzee alikuwa na kofia iliyoshonewa beji pande zote, beji ya kila njia kuu aliyoimaliza duniani. Alimwona Fundi anaitazama, akamwita kwa kidole, akaivua amwonyeshe. Aliongea kwa furaha, akigusa beji moja baada ya nyingine.

"Anasema hii itakuwa ya saba," Lugha Saba alitafsiri. "Anauliza wewe umetembea njia ngapi kati ya kumi."

"Mwambie mdogo wangu amemaliza hii mara hamsini. Mwulize beji zake zingekaa kwenye kofia ipi."

Lugha Saba aliongea kidogo. Mgeni akacheka, akampigapiga Fundi begani.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unaipenda kofia yake. Fundi, usiniharibie. Mimi nina mdomo huu tu."

Siku ya nne, mlinzi wa kambi ya tatu alikuna kichwa akafikiri sana. Alikuwa mtu mwaminifu, anayeandika kila anayepita kwenye ukuta kwa mkaa. Hapana, alisema. Siku hiyo hakuna aliyeshuka. Angemwona, njia haina pengine pa kupita.

Basi Ngamia aliondoka Shingoni na hakufika hapa. Kati ya hapa na Shingoni ni mwendo wa nusu siku. Nusu siku ya njia nyembamba, ukuta wa jiwe upande mmoja, korongo upande wa pili. Fundi alimshukuru mlinzi.

Siku ya tano, jua lilipokuwa limepanda vizuri na ukungu umenyanyuka, walifika mahali ambapo njia inabana mpaka wapagazi wanapita kwa ubavu. Chini, mbali, maji yalikuwa yanasikika. Kuna mahali ukingo ulikuwa umemomonyoka, upana wa mwili wa mtu. Huenda ni mvua. Njia hii ilimomonyoka kila mwaka.

Fundi alisimama. Aliyekuwa nyuma yake akamgonga.

"Twende, Fundi."

Alipiga goti, akaulaza mzigo juu ya ukuta, akatoa mikanda mabegani. Choo cha kukunja kiligonga jiwe. Nyuma yake foleni nzima ya wapagazi ilisimama, na nyuma ya wapagazi wageni wanane, ambao leo walikuwa wametembea haraka kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna mpagazi aliyemwambia abebe. Walisimama tu, wameinama, kila mmoja anatazama visigino vya mwenzake.

Fundi alikwenda ukingoni, akalala kifudifudi, akachungulia. Vichaka. Mawe. Kivuli kikubwa ambacho jua halijakifikia. Kitu chenye rangi, labda bluu, labda ua. Shati la mdogo wake lilikuwa bluu.

Akaviringa viganja mdomoni.

"Ngamia!"

Korongo lilimrudishia, mara tatu, kila mara hafifu zaidi.

"Fundi." Lugha Saba alikuwa amejipenyeza mpaka kwake, anahema. "Fundi, inuka. Wageni wanaona. Mzigo."

"Kuna kitu kule. Teremsha mtu na kamba."

"Kamba ni za mahema."

"Waambie wageni. Una lugha saba, chagua moja uwaambie mdogo wangu yuko humu siku ya tisa leo. Watu ni watu. Waambie."

Wageni walikuwa wamefika. Mwanamke mmoja kati yao, mwenye uso mwema, alikuwa ameinama anamtazama Fundi pale chini, na swali lilikuwa machoni mwake, la kweli, halina kiburi. Akamgeukia kiongozi akauliza. Wengine wakanyamaza wasikie jibu. Fundi alimwangalia Lugha Saba mdomoni.

Lugha Saba alilamba midomo. Akatazama korongo, akatazama mzigo uliolazwa, akatazama wageni wanane. Kisha akatabasamu na kuongea. Aliongea kwa muda mrefu, akinyoosha mkono kuelekea kilele, mpaka nyuso za wageni zikalainika na yule mwanamke akaweka kiganja kifuani.

"Umewaambia nini?"

Alivuta mkanda wa begi lake.

"Lugha Saba, umewaambia nini?"

"Kwamba ni desturi," alisema bila kumtazama. "Mpagazi akifika hapa huuita mlima, uwape njia salama."

Mzee mwenye kofia ya beji ndiye aliyeanza. Aliegemeza fimbo zake ukutani, akaviringa viganja mdomoni kama alivyomwona Fundi akifanya, akaita lile jina kwa matamshi yake. Korongo likamwitikia, naye akacheka kama mtoto. Kisha akaita yule mwanamke, kisha wote, wanane, wamejipanga ukingoni bega kwa bega, mmoja akiwa ameinua simu ili apate sauti na mandhari kwa pamoja. Ngamia. Ngamia. Jina lilikwenda likarudi, likakutana na lingine njiani, yakachanganyika.

Fundi alikuwa bado amelala kifudifudi, sikio limeelekezwa chini. Alidhani amesikia kitu katikati ya sauti zao, kitu kidogo kisicho mwangwi. Akainua mkono wanyamaze.

Wakadhani anawaongoza, wakaongeza sauti.